Siasa na Sanaa katika Riwaya za Katharine Susannah Prichard

Katika historia ya uhakiki wa fasihi ya Australia, Katharine Susannah Prichard amegawanywa mara nyingi sehemu mbili. Wahakiki wengi humsifu msanii aliyeandika Coonardoo, kisha humsikitikia mwanachama aliyeandika riwaya tatu za machimbo ya dhahabu. Kwao, chama kilimmeza mwandishi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mgawanyo huo haupatani na historia, tena unaficha kasoro iliyo kubwa zaidi.

Tuanze na tarehe. Prichard alizaliwa Levuka, Fiji, mwaka 1883. Mwaka 1920 alikuwa miongoni mwa waasisi wa Chama cha Kikomunisti cha Australia, na aliishika imani hiyo hadi kufa kwake mwaka 1969. Working Bullocks ilitoka mwaka 1926. Coonardoo iligawana tuzo ya gazeti The Bulletin mwaka 1928, ikatolewa kama kitabu mwaka 1929. Basi riwaya zinazoitwa za sanaa tupu ziliandikwa na mkomunisti wa miaka mingi. Siasa haikuingia baadaye. Ilikuwamo tangu awali.

Tuitazame sasa Coonardoo. Mwanamke mwenyeji asilia anakulia katika shamba la ng'ombe la Wytaliba, kaskazini-magharibi mwa Australia. Anapanda farasi, anachunga, anatunza nyumba. Anamzalia mtoto Hugh Watt, mwenye shamba, ambaye hathubutu kukiri mapenzi yake. Mwishowe Hugh huyo huyo anamfukuza kwa ukatili. Mwanamke anapoangamia, shamba nalo linaangamia. Wasomaji wengi wa siku zile walikasirika kuonyeshwa kwamba mzungu aweza kumpenda mwanamke mweusi. Ushujaa wa mwandishi hauna shaka.

Hata hivyo, tuulize: Coonardoo anasema nini? Karibu hasemi. Anangoja, anatii, anateseka. Hata jina lake, ambalo kitabu chenyewe kinalifasiri kuwa kisima kivulini, linamweka upande wa ardhi kuliko upande wa watu. Katika The Roaring Nineties (1946), Golden Miles (1948) na Winged Seeds (1950), mambo ni kinyume. Wachimbaji wanajadiliana, wanadai haki zao, wanapanga migomo. Sally Gough, mwanamke anayelisha wapangaji kwa kazi ya mikono yake, ana maoni kuhusu kila jambo. Wahakiki wamelalamika kwamba hotuba ni ndefu mno. Huenda ni kweli. Lakini mchimbaji mzungu amepewa hotuba. Mchungaji mweusi amepewa ukimya.

Hapo ndipo penye kasoro. Katika mashamba ya kaskazini, wenyeji asilia wengi walifanya kazi kwa posho na nguo, bila mshahara. Huo ulikuwa unyonyaji ambao Prichard aliufahamu vizuri kinadharia. Hata hivyo, alipomchora Coonardoo, alimwona mpenzi aliyenyimwa kabla ya kumwona mfanyakazi aliyedhulumiwa.

Jibu lilitolewa na historia yenyewe. Tarehe 1 Mei 1946, mwaka ule ule ilipotoka The Roaring Nineties, mamia ya wafanyakazi wenyeji asilia wa eneo la Pilbara waliacha kazi mashambani wakidai mshahara. Mgomo ulidumu hadi mwaka 1949. Watu ambao riwaya iliwaonyesha wakififia kimya walikuwa wamesimama na kusema.

Kwa hiyo hatuwezi kukubali hukumu kwamba siasa iliharibu sanaa ya Prichard. Katika riwaya yake iliyo bora, siasa haikuzidi. Ilisimama kabla ya kumfikia yule aliyeihitaji zaidi. Mhakiki wa riwaya yenye msimamo asiulize tu kama mwandishi amehubiri. Aulize pia ni nani aliyepewa kinywa, na ni nani aliyeachwa kimya.