Kilosa na Mikumi: Mizizi ya migogoro ya ardhi na hatua za serikali

WILAYA ya Kilosa, mkoani Morogoro, imekuwa ikitajwa mara kwa mara kila suala la migogoro ya ardhi nchini Tanzania linapozungumzwa. Kwa miaka mingi wakulima na wafugaji wa wilaya hiyo wamegombea mabonde, malisho na maji, na zaidi ya mara moja ugomvi huo umeishia katika umwagaji damu.

Sensa ya mwaka 2012 iliihesabu wilaya hiyo kuwa na watu zaidi ya 438,000, baada ya Gairo kumegwa na kuwa wilaya inayojitegemea. Wenyeji wake ni Wakaguru, Wasagara na Wavidunda, ambao kwa sehemu kubwa ni wakulima. Wamo pia Wamasai wa ukoo wa Waparakuyo waliokwishaishi humo kwa vizazi kadhaa, pamoja na Wabarabaig na Wasukuma waliohamia baadaye na mifugo yao.

Historia ya ardhi

Suala la ardhi Kilosa si geni. Ni katika eneo la Usagara ambako Novemba 29, 1884, Mjerumani Carl Peters alipata mkataba kutoka kwa Mangungo wa Msovero, mmoja wa mikataba iliyofungua njia ya ukoloni wa Wajerumani katika Tanganyika.

Baada ya Reli ya Kati kupita Kilosa, mashamba makubwa ya mkonge yalienea katika maeneo ya Kimamba, Rudewa na kwingineko. Bei ya mkonge ilipoporomoka katika soko la dunia na uzalishaji kushuka, mengi ya mashamba hayo yalitelekezwa. Hati zilibaki mikononi mwa wamiliki, lakini ardhi yenyewe iligeuka kuwa pori. Wakulima wasio na mashamba waliingia kulima, na wafugaji waliingiza ng'ombe kulisha, wote wakiwa hawana haki ya kisheria.

Upande wa kusini, Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964 na baadaye kupanuliwa mwaka 1975. Leo ina ukubwa wa kilometa za mraba 3,230. Hifadhi hiyo ni chanzo cha fedha za utalii, lakini imeweka mpaka usiovukwa na ng'ombe wala jembe. Kwa hiyo uwanda wa Mkata, ambao sehemu yake imo hifadhini, haukubaki tena eneo la wazi kama ulivyokuwa zamani.

Ugomvi unavyoanza

Chanzo cha ugomvi hujirudia kila mwaka. Wakati wa kiangazi malisho ya nyanda za juu hukauka, na wafugaji hushuka na mifugo kwenye mabonde ya mito ya Wami, Mkata na Mkondoa. Mabonde hayo hayo ndiyo yenye unyevu unaomwezesha mkulima kupata mazao nje ya msimu wa mvua. Njia za zamani za kupitishia mifugo nazo zimelimwa.

Ng'ombe wakiingia shambani, mkulima hupoteza chakula cha familia kwa usiku mmoja. Naye mfugaji, mifugo yake ikikamatwa na kuzuiliwa, huona akiba ya maisha yake yote iko hatarini. Watafiti waliochunguza migogoro ya Kilosa wamebainisha kuwa rushwa huongeza makali yake: kila upande huamini kwamba mwenzake amewanunua viongozi, na hivyo kuona hakuna faida ya kupeleka malalamiko ofisini.

Matokeo yalikuwa mabaya zaidi Desemba 8, 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni. Baada ya siku kadhaa za mvutano kuhusu mifugo, wafugaji walishambulia kijiji hicho na kuua watu 38. Tukio hilo lilitikisa taifa. Mapigano mengine yenye kusababisha vifo yalitokea mwaka 2008.

Mgogoro mwingine wa muda mrefu ni wa kijiji cha wafugaji cha Mabwegere na vijiji vya wakulima vinavyopakana nacho. Ugomvi huo wa mipaka ulifika hadi Mahakama ya Rufani, chombo cha juu kabisa cha sheria nchini. Hata hivyo hukumu haikumaliza uhasama, kwani walioshindwa hawakuwa na mahali pengine pa kulima.

Sheria na operesheni

Serikali imejibu kwa njia mbili, sheria na nguvu. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zilianza kutumika Mei 2001. Ya pili inaipa halmashauri ya kijiji mamlaka ya kusimamia ardhi ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji, chini ya usimamizi wa mkutano mkuu wa kijiji. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007 inataka maeneo ya kilimo, malisho, makazi na misitu yatengwe kwa ushirikishwaji wa wananchi.

Kwa upande wa nguvu, mwaka 2006 na 2007 serikali iliwaondoa wafugaji katika bonde la Usangu, mkoani Mbeya, ili kuokoa vyanzo vya Mto Ruaha Mkuu. Waliamriwa kwenda mikoa ya Lindi na Pwani, lakini baadhi waliishia njiani, na Kilosa ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyoongezewa mzigo. Mwanzoni mwa mwaka 2009 ikafuata operesheni ya kuondoa mifugo Kilosa kwenyewe. Watetezi wa haki za wafugaji waliilalamikia kwa kuwagusa hata wenyeji wa vijiji vilivyosajiliwa.

Katika utawala wa Rais John Magufuli, serikali ilifuta hati za baadhi ya mashamba yaliyotelekezwa wilayani humo ili ardhi irudi kwa wananchi. Hatua hiyo ililenga moja ya mizizi ya tatizo, ingawa kufuta hati ni jambo moja na kugawa ardhi kwa haki ni jambo jingine.

Mafuriko na wanyamapori

Ardhi ya Kilosa huathiriwa pia na maji. Mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010, Mto Mkondoa ulivunja kingo na kuufunika mji wa Kilosa. Maelfu ya wakazi walipoteza makazi na kuhamia kambini, na Reli ya Kati ilikatika. Januari 2014 mafuriko yaliyakumba maeneo ya Magole na Dumila. Ukataji wa miti na kilimo katika miinuko huongeza tope mitoni na kupunguza kina chake, hivyo maji hufurika kwa urahisi zaidi.

Katika vijiji vinavyopakana na Mikumi, tembo huharibu mazao. Kanuni za mwaka 2011 zimeweka malipo ya kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa na kifuta machozi kwa waliojeruhiwa au kufiwa. Kama majina yenyewe yanavyoonyesha, malipo hayo ni pole, si fidia ya thamani kamili ya hasara.

Kinachobaki

Uzoefu wa Kilosa unaonyesha kwamba operesheni huhamisha tatizo bila kulimaliza: ng'ombe walioondolewa wilaya moja hutokea katika wilaya nyingine. Mpango wa matumizi ya ardhi nao hausaidii ukibaki kabatini. Huhitaji mipaka iliyopimwa na kukubaliwa na pande zote, malambo na majosho katika eneo la malisho, na njia za mifugo zisizolimwa.

Zaidi ya hayo, wahusika wanahitaji chombo cha usuluhishi wanachokiamini. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, mabaraza ya ardhi ya kata yamebaki na kazi ya kusuluhisha tu, si kuamua. Iwapo mkulima na mfugaji wataamini kwamba watasikilizwa hapo bila kutoa chochote, ng'ombe aliyeingia shambani atabaki kuwa shauri la kata. Wasipoamini hivyo, silaha za jadi zitaendelea kuwa karibu, na wanyonge wa pande zote mbili ndio watakaoumia.