Ndoa ya mwaka 1469 na sinagogi ya mji wetu



Katikati ya Lubumbashi kuna sinagogi iliyojengwa karibu na mwaka 1930. Wengi wetu tunapita mbele yake bila kuuliza: Wayahudi walifika namna gani huku Katanga? Jibu linaanzia Hispania, kwenye arusi. Tunaliandika hapa juu ni habari ya watu kama sisi, watu walioachishwa kwao, na swali la kurudi.

Tarehe 19 Oktoba 1469, katika mji wa Valladolid, Isabel wa Castilla, miaka 18, aliolewa na Fernando wa Aragón, miaka 17. Walikuwa ndugu wa ukoo mmoja, kwa hiyo walihitaji ruhusa ya Papa. Karatasi iliyotumika ile siku ilikuwa ya uongo; ile ya kweli ilitoka Roma mwaka 1471. Isabel alipata ufalme wake mwaka 1474, Fernando akapata wake mwaka 1479.

Siye watu wa Katanga, arusi ya kuunganisha falme haitushangazi. Wazee wa Walunda wanasimulia kwamba Ruwej, mtawala wao, aliolewa na Tshibinda Ilunga, mwindaji wa ukoo wa kifalme wa Waluba. Wanasema pia kwamba ndugu zake Ruwej walikasirika, wakafunga mizigo, wakaenda magharibi. Tushike hiyo sehemu ya pili: umoja wa wakubwa mara nyingi una watu wanaotoka kwa mlango wa nyuma.

Wengi wanafikiri arusi ile ilifanya Hispania kuwa inchi moja. Hapana. Castilla ilibaki na sheria zake, baraza lake na pesa zake, Aragón vilevile. Hata mpakani kati yao ushuru uliendelea kulipwa. Isabel alipokufa mwaka 1504, taji la Castilla halikwenda kwa bwana yake, lilikwenda kwa binti yao Juana. Paa lilikuwa moja, lakini kila nyumba ilibaki na mlango wake.

Kitu walichotaka kifanane pote ni dini. Mwaka 1478 Papa aliruhusu mahakama ya kuchunguza imani za watu, na mahakama hiyo ikapata nguvu katika falme zote mbili. Tarehe 2 Januari 1492 Granada, ufalme wa mwisho wa Waislamu kule, ilijisalimisha. Mkataba uliahidi kwamba Waislamu wataendelea kusali namna yao. Miaka kumi tu, na Waislamu wa Castilla wakaambiwa: ubatizo au njia.

Wayahudi hawakupata hata hiyo miaka kumi. Amri ya tarehe 31 Machi 1492 iliwapa mpaka mwisho wa Julai. Waliruhusiwa kuuza mali, lakini kutoka na dhahabu, feza wala pesa, hapana. Mwenye aliwahi kuuza nyumba huku siku zinahesabiwa anajua bei ya soko la namna hiyo. Mwaka 1496 Papa Alexander VI aliwapa Isabel na Fernando jina la Wafalme Wakatoliki.

Wafukuzwa wengine walienda Ureno, wengine Afrika ya Kaskazini, wengine kwa Sultani Bayezid II wa Waturuki, aliyewapokea. Kizazi kwa kizazi, wajukuu zao waliishi katika kisiwa cha Rhodes, wakiongea bado Kihispania cha zamani, Ladino. Mwanzoni mwa karne ya 20, vijana wa Rhodes walianza kufika Elisabethville kutafuta maisha katika biashara. Nissim Soriano, baba yake Moïse Katumbi, gavana wa zamani wa Katanga, alitoka kisiwa kile. Ndugu zao waliobaki, Wajerumani waliwachukua Julai 1944 na kuwapeleka Auschwitz. Wachache sana walipona.

Na kurudi? Novemba ya ule ule mwaka 1492, wafalme waliandika kwamba Myahudi anayerudi akiwa amebatizwa anaweza kupata tena mali yake, akimrudishia mnunuzi bei aliyolipa. Ona vizuri: walijua kupanga habari ya nyumba, walijua kumlinda mnunuzi. Lakini mlango ulifunguliwa paka kwa yule aliyekubali kuacha nafsi yake inje.

Mwaka 1968 serikali ya Hispania ilitangaza kwamba ile amri haina nguvu tena. Mwaka 2015, miaka 523 baada ya kufukuzwa, sheria iliwaruhusu wajukuu wa wale Wayahudi kuomba uraia. Lakini walipaswa kuonyesha ushahidi wa ukoo na kwenda mbele ya notere, na wengi wao kufanya mtihani wa lugha. Mwaka 2019 maombi yalifungwa. Aliyekuwa na karatasi za babu aliingia kwa nafasi nzuri. Wengine walibaki na masimulizi.

Wandugu, siye tuliorudi tunaijua hiyo biro. Tunajua kusimama mbele ya parseli yetu, mtu mwingine ameshajenga, na yeye pia ana watoto. Huyu aliyenunua si mwizi kila mara, na huyu aliyerudi si mgeni. Ndiyo maana chama kinakaa na pande zote mbili kwanza, mbele ya kwenda mahakamani, na hatuulizi mtu anasali wapi wala ni wa kabila gani.

Kwa wanamemba: leteni karatasi zenu tuzitolee kopi, hata ile iliyochanika, hata kadi ya kambi. Kwa wafadhili: mkiona tunatumia makuta ya kese kwa kopi na mihuri, msishangae. Mtoto wa Rhodes angewaeleza juu ya nini.