MEMKWA

MEMKWA, yaani Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Walioikosa, ni mfumo wa Tanzania wa kuwafundisha watoto na vijana ambao hawakuandikishwa shule au waliacha njiani. Ulianza kwa majaribio mwishoni mwa miaka ya 1990, Wizara ya Elimu ikisaidiwa na UNICEF, katika wilaya chache zikiwemo Kisarawe na Masasi. Ada ya shule za msingi ilipofutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, umati wa watoto waliopita umri wa darasa la kwanza ulijitokeza, na MEMKWA ikaenezwa nchi nzima.

Wanafunzi hugawanywa kwa umri. Wadogo, wasiozidi miaka 13, husoma kwa muhtasari uliofupishwa, hufanya mtihani wa darasa la nne, kisha hujiunga na darasa la tano la kawaida. Wakubwa, wa miaka 14 hadi 18, huandaliwa kwa mtihani wa darasa la saba. Ratiba hufuata maisha yao, ili kijana anayechunga mifugo au kuuza karanga stendi asubuhi aweze kusoma mchana. Hii ndiyo nguvu kubwa ya MEMKWA. Udhaifu umekuwa posho ya wawezeshaji, yaani wanaofundisha madarasa hayo: ilipochelewa, baadhi ya madarasa yalikufa.

Kwa sekondari, njia mbadala husimamiwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Kabla ya Novemba 2021, serikali iliporuhusu wasichana waliojifungua kurudi katika shule za kawaida, kwa wengi wao hiyo ilikuwa njia mojawapo ya kufika kidato cha nne.