Mwiba wa Messina

Historia ya uvimbe naipenda kwa sababu inaanza na mwiba. Mwaka 1882, mjini Messina, kisiwani Sicilia, familia ya Ilya Metchnikoff ilikwenda kutazama sarakasi. Yeye alibaki na hadubini yake, akichungulia lava wa kiti cha pweza, viumbe wang'avu kama kioo. Akachuma miiba ya waridi bustanini, akawachoma nayo. Asubuhi yake akakuta chembe zimeuzingira mwiba.

Madaktari wengi wa zama hizo waliamini kwamba chembe nyeupe za kwenye usaha husambaza vijidudu mwilini. Metchnikoff akasema la, zinavila. Mwaka 1908 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich.

Mwiba ule ulipata mrithi katika samaki pundamilia, kidagaa cha mito ya Asia Kusini ambacho George Streisinger alikiingiza maabara huko Oregon, Marekani. Vifaranga vyake navyo ni vyang'avu, na wiki za mwanzo hulindwa na kinga ya asili peke yake. Mwaka 2006, watafiti wa Sheffield, Uingereza, walizifanya nyutrofili zake zing'ae kijani. Ukimkata ncha ya mkia, unaziona zikikimbilia jerahani. Mwaka huohuo, wenzao wa Wisconsin waliziona zikiondoka. Vitabu vilikuwa vimefundisha kwamba zikishafika jerahani hufia hapohapo.

Kuondoka huko ndiko kunakonigusa. Baba yangu mdogo alimaliza dozi ya kifua kikuu, makohozi yakapimwa, vijidudu havikuonekana. Lakini kupanda ngazi bado kulimkata pumzi. Bakteria walikuwa wamekwisha, makovu ya vita yakabaki mapafuni.

Samaki huyu ana kifua kikuu chake, kinacholetwa na *Mycobacterium marinum*, ndugu wa karibu wa bakteria wetu. Mwaka 2010, kundi la Lalita Ramakrishnan, Seattle, lilichunguza jeni iitwayo *lta4h*, na kazi iliyofuata mwaka 2012 ikaonyesha jambo zito: uvimbe ukipungua mno, bakteria hustawi, ukizidi mno, chembe za kinga hupasuka na bakteria hustawi vilevile.

Kwa hiyo swali la kumuuliza mgonjwa si kama mwili wake unapigana tu. Ni kama unajua kipimo, na kama unajua kuacha. Metchnikoff aliona askari wakifika. Ilichukua zaidi ya karne kuwaona wakirudi nyumbani.