Deni la Sheria na Deni la Mkataba: Mikopo ya Wanafunzi Nchini Marekani

Washauri wa wanafunzi wa vyuo vikuu Marekani wana kauli moja: chukua kwanza mkopo wa serikali ya shirikisho, wa benki uwe wa mwisho. Kwa walio wengi ushauri huo ni sahihi. Ninachokitilia shaka ni sababu inayoambatana nao, kwamba serikali ni mkopeshaji mpole na benki ni mkali. Mkopo wa serikali umezaliwa na sheria, na upole wake na ukali wake vyote hutoka Kongresi. Mkopo wa binafsi umezaliwa na mkataba. Tatizo, kwa maoni yangu, ni kwamba tangu 2005 mkataba huo umepewa kinga ya sheria bila kubebeshwa wajibu wake.

Chini ya mfumo uliojengwa na Sheria ya Elimu ya Juu ya 1965, mwanafunzi wa shahada ya kwanza haulizwi kama aliwahi kukopa na kulipa vizuri. Hujaza FAFSA, fomu ya serikali ya kuomba msaada wa masomo, basi. Anayetegemea wazazi hupata kwa kawaida hadi dola 5,500 mwaka wa kwanza, na katika hizo zisizozidi 3,500 ndizo serikali huzilipia riba akiwa masomoni, iwapo uhitaji wake umethibitika. Riba yenyewe, tangu 2013, hufuata mnada wa mwezi Mei wa hati fungani za Hazina za miaka 10: huongezwa pointi 2.05, na kwa ngazi hii haiwezi kuvuka asilimia 8.25. Kwa mwaka wa masomo 2025/26 imekuwa asilimia 6.39, kwa mtoto wa daktari bingwa na kwa mtoto wa dereva wa lori vilevile. Dola hizo 5,500 hazifiki zote, maana ada ya asilimia 1.057 hukatwa juu kwa juu na chuo hupokea kama 5,442. Zile 2,000 zisizolipiwa riba huanza kuzaa tangu zitoke, takriban senti 35 kwa siku.

Benki hupima kwanza. Hutazama historia ya ukopaji, hupanga riba kwa mtu mmoja mmoja, pengine riba ya kupanda na kushuka, na kijana asiye na historia huambiwa aje na mtu wa kutia saini pamoja naye. Hapa familia za Afrika Mashariki zilizoko huko hugawanyika. Binti aliyeingia na wazazi wake kwa bahati nasibu ya viza, mwenye kadi ya kijani, anastahili mkopo wa serikali. Binamu yake wa darasa hilohilo, aliyekuja kwa viza ya mwanafunzi, hastahili hata senti, naye huishia kumpigia simu mjomba. Mjomba huyo aelewe anachotia saini. Nyumbani tumezoea mdhamini anayetafutwa mkopaji akishatoweka. Katika mikataba hii, aliyesaini pamoja na mwanafunzi anadaiwa sawasawa naye tangu mwanzo.

Kwa ufupi, benki huuliza kabla, serikali huuliza baadaye: mkopaji wa serikali anaweza kulipa kwa kadiri ya kipato, na akifariki deni hufutwa. Tangu 2007 anayefanya kazi ya umma husamehewa baki baada ya malipo 120 yaliyotimiza masharti. Machi 2020, janga la korona lilipoingia, sheria ilisimamisha marejesho na kuifanya riba kuwa sifuri, hali iliyodumu hadi 2023. Wa benki hawakuguswa. Hata baadhi ya waliokopa kwa dhamana ya serikali kabla ya 2010, wakati mabenki yalipokuwa bado yakitoa mikopo hiyo, waliachwa nje kwa kuwa deni lao lilikuwa mikononi mwa kampuni.

Lakini mkopeshaji huyohuyo mpole, ukishindwa kumlipa, anaweza kukata hadi asilimia 15 ya mshahara wako bila kwenda mahakamani na kuzuia marejesho ya kodi yako. Tangu 1991 madai yake hayana ukomo wa muda. Benki sharti ifungue kesi, tena ndani ya muda uliowekwa na sheria za jimbo.

Ukali huo wa serikali una hoja nyuma yake: anayekopesha bila kupima ana haki ya kudai kwa muda mrefu. Ndiyo maana sikatai moja kwa moja sheria ya 1998 iliyoondoa nafasi ya kufuta mikopo ya serikali kwa njia ya kufilisika, isipokuwa mkopaji athibitishe taabu iliyopita kiasi. Mwaka 2005 Kongresi ikaipa mikopo ya mabenki kinga hiyohiyo. Kwa hoja ipi? Benki ilikuwa imekwishapima, imekwishapandisha riba kufidia hatari, na ina saini ya mjomba. Haikutakiwa kupokea marejesho kwa kadiri ya kipato wala kusamehe baada ya miaka 10.

Kwamba mkopo wa serikali hutegemea Kongresi kulidhihirika mwaka 2023: katika kesi ya Biden v. Nebraska, Mahakama ya Juu ilibatilisha mpango wa Rais Biden wa kufuta madeni kwa kuwa haukuwa na idhini ya Kongresi. Kilichoumbwa na sheria hakibadilishwi kwa tamko. Kisha sheria iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025 ikafunga mlango mwingine: kuanzia tarehe 1 Julai 2026, wakopaji wapya wa shahada za juu hawatapata mkopo wa PLUS uliowawezesha kukopa hadi gharama yote ya masomo. Anayesomea udaktari atakopeshwa na serikali hadi dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla, na pengo litakalobaki wengi wataliziba benki. Kama Kongresi imeamua kuwasukuma huko, basi iirudishe mikopo ya mabenki ilikokuwa kabla ya 2005, mbele ya jaji wa kufilisika, pamoja na madeni ya kadi za benki na ya hospitali.