Kutoka "Amepotea" hadi "Ameuawa": Hati, Neno na Mdai katika Kisa cha Julie Ward, 1988–2004

1. Utangulizi

Kitenzi kupotea hakidai mtenda wa nje. Tunaposema kwamba mwanamke fulani amepotea, sarufi yenyewe inamfanya yeye kuwa chanzo cha hali yake, wala msikilizaji halazimiki kuuliza ni nani aliyempoteza. Kitenzi kuuawa ni tofauti. Kwa kuwa kimo katika kauli ya kutendwa, kinaacha nafasi wazi baada yake, na nafasi hiyo huzaa swali papo hapo: ameuawa na nani? Insha hii inahusu safari ya kutoka kitenzi cha kwanza kwenda cha pili. Inauliza ni mambo gani, kihistoria, yaliyowezesha mwanamke aliyeandikwa kuwa amepotea aandikwe upya kuwa ameuawa, na ni mambo gani yaliyoizuia safari hiyo.

Swali hili lilimjia mtafiti kabla hajaanza kusoma majalada ya aina yoyote. Katika vijiji vya uwanda wa juu wa Ufipa, Msanzi kikiwa kimojawapo, kutoweka kwa mwanamke huwa na maelezo yaliyokwisha kuandaliwa: ametoroka na mwanamume, ameliwa na mnyama porini, au amechukuliwa msukule. Si jambo dogo kwamba jina la mji mkuu wa mkoa wetu, Sumbawanga, hufasiriwa na wengi kuwa ni wito wa kuutupa uchawi. Maelezo hayo matatu yanatofautiana kwa sura, lakini kazi yake ni moja: kila moja linalijibu swali la mtenda kabla halijaulizwa. Mtoro amejitendea mwenyewe, mnyama hashtakiwi, na mchawi hapatikani kwa ushahidi unaokubalika mahakamani.

Dai kuu la insha hii ni kwamba maelezo ya namna hiyo hayatoki vijijini peke yake. Ofisi za serikali nazo zimeyatumia, kwa muhuri na saini. Ili kulithibitisha dai hili, insha inachambua kisa cha Julie Ward, raia wa Uingereza aliyeuawa katika hifadhi ya Maasai Mara, Kenya, mwaka 1988. Kisa hiki kimeteuliwa kwa sababu hatua zake zilijadiliwa hadharani katika mahakama za nchi mbili, na hivyo tunaweza kuona namna maelezo ya kwanza yalivyojengwa na namna yalivyobomolewa.

2. Mnyama kama maelezo: mfano wa Singida

Kabla ya kufika Mara ni vema kurudi nyuma miongo minne. Katika miaka ya 1946 hadi 1948, wilaya ya Singida katika Tanganyika ilikumbwa na mfululizo wa vifo. Miili ya watu, wakiwamo wanawake na watoto, ilikutwa na majeraha yaliyofanana na ya makucha. Maelezo ya awali yalikuwa kwamba wameuawa na simba. Baadaye uchunguzi ulionyesha kwamba wengi wao waliuawa na binadamu walioyaiga majeraha ya mnyama. Kesi zilifikishwa mahakamani na baadhi ya waliopatikana na hatia walinyongwa. Matukio haya yameingia katika historia kwa jina la mauaji ya watu-simba.

Ni kosa kudhani kwamba maelezo ya kwanza yalikuwa ya kipuuzi. Katika miaka hiyohiyo, huko Njombe, simba wa kweli walikuwa wameua watu wengi, hadi bwana nyama George Rushby na wasaidizi wake walipowawinda na kuwaua. Hapo ndipo penye uzito wa hoja. Maelezo ya mnyama hufanya kazi kwa sababu yanaweza kuwa kweli. Uongo usiowezekana hauhitaji kupingwa, kwa kuwa hujianguka wenyewe. Ule unaowezekana ndio unaoweza kulifunga jalada. Singida inatufundisha kwamba swali la msingi si kama wanyama huua watu. Swali ni nani aliyeuchunguza mwili, alitumia neno gani kuyaeleza majeraha, na nani aliyekuwa na nguvu ya kulihoji neno hilo.

3. Mwili: Septemba 1988

Julie Ward alikuwa na umri wa miaka 28. Alikuja Afrika mapema mwaka 1988 katika safari ya nchi kavu iliyoishia Kenya, na alipenda kupiga picha za wanyamapori. Mwanzoni mwa Septemba alikwenda Maasai Mara pamoja na rafiki yake kwa gari dogo la Suzuki. Gari liliharibika, rafiki akarejea Nairobi kwa ndege, naye akabaki akingoja matengenezo. Tarehe 6 Septemba aliondoka katika hoteli ya Mara Serena kuelekea kambi ya Sand River kuchukua vifaa vyao vya kambi. Alionekana huko alasiri hiyo. Baada ya hapo hakuonekana tena akiwa hai. Zilikuwa zimebaki siku chache tu kabla ya safari yake ya kurudi kwao.

Baba yake, John Ward, mfanyabiashara wa hoteli nchini Uingereza, alifika Kenya na kukodi ndege za kufanya msako. Tarehe 13 Septemba gari lilionekana kutoka angani, likiwa limekwama katika korongo. Siku hiyohiyo, mbali na gari, yalipatikana mabaki machache ya mwili, sehemu ya mguu na ya taya, karibu na majivu ya moto. Tangu siku hiyo kulikuwa na mwili, ingawa haukuwa kamili. Hata hivyo, mabaki hayo peke yake hayakutosha kukibadili kitenzi. Maelezo yaliyotolewa na mamlaka yalikuwa kwamba marehemu aliliacha gari lake lililokwama, akatembea porini na kuuawa na wanyama. Moto, kwa maelezo hayo, haukuwa na nafasi. Simba hawashi moto.

Muktadha wa maelezo hayo unaeleweka. Utalii ulikuwa miongoni mwa vyanzo vikuu vya fedha za kigeni vya Kenya, na Mara ilikuwa kito chake. Mgeni aliyeuawa na mnyama ni ajali inayosikitisha. Mgeni aliyeuawa na mtu ndani ya hifadhi ya taifa ni kashfa. Tunapotumia neno maslahi katika uchambuzi wa kihistoria, hatumaanishi kwamba kila afisa alipewa amri ya kusema uongo. Tunamaanisha kwamba kati ya maelezo mawili, moja lilikuwa na wenye kulipokea wengi zaidi.

4. Neno: ripoti iliyosahihishwa

Hati iliyo kitovu cha kisa hiki ni ripoti ya uchunguzi wa maiti. Daktari aliyeuchunguza mguu ule Nairobi, Dkt. Adel Shaker, aliandika kwamba ulikuwa umekatwa kwa kitu chenye makali. Ripoti ilipopita mikononi mwa mkuu wa wanapatholojia wa serikali, maneno yalibadilishwa: pale palipoandikwa kwamba mfupa umekatwa, pakaandikwa neno lenye maana ya kuraruliwa au kupasuka. Badiliko hilo lilijadiliwa waziwazi katika uchunguzi wa kifo uliofanyika mbele ya hakimu jijini Nairobi mwaka 1989. Mkuu huyo alikiri kuibadili ripoti, akajitetea kwamba alikuwa anasahihisha Kiingereza cha mwenzake.

Kwa mwanafunzi wa lugha na historia, utetezi huo unastahili kutazamwa kwa makini. Unakiri kwamba kifo kilikuwa kimegeuka suala la uteuzi wa msamiati. Kukata ni kitendo cha mwenye mkono na chombo. Kurarua ni kitendo cha meno na makucha. Aliyelifuta neno la kwanza na kuliandika la pili hakugusa sarufi pekee, kwani alimwondoa mtenda katika sentensi. Mguu ulipochunguzwa tena Uingereza na Profesa Austin Gresham wa Cambridge, neno la kwanza lilithibitika kuwa sahihi. Mwaka 1989 hakimu Joseph Mango aliamua kwamba Julie Ward aliuawa. Zaidi ya mwaka mmoja ulikuwa umepita tangu mabaki yapatikane.

5. Mdai: baba na mipaka ya uwezo wake

Ni nini kilichoiwezesha safari hii ya vitenzi kukamilika? Jibu la insha hii ni kwamba palihitajika mambo matatu: mwili, neno na mdai. Mdai ni mtu anayekataa kuipokea hati kama ilivyo. John Ward alikuwa mdai wa namna ya pekee. Alikuwa na fedha za kukodi ndege, muda wa kurudi Kenya mara kwa mara kwa miaka mingi, na uwezo wa kuishawishi serikali yake iingilie kati. Mwaka 1990 wapelelezi wa Scotland Yard walitumwa Kenya kusaidia upelelezi. Mwaka uliofuata alichapisha kitabu chake kuhusu kisa hicho, ambacho jina lake lenyewe linatangaza kwamba wanyama hawana hatia.

Hata hivyo, uwezo huo ulikuwa na mpaka. Askari wawili wa wanyamapori walishtakiwa na kuachiwa huru mwaka 1992. Baada ya upelelezi kufunguliwa upya, afisa mwingine wa hifadhi alishtakiwa, naye akaachiwa huru mwaka 1999. Mwaka 2004 uchunguzi wa kifo uliofanyika Ipswich, Uingereza, ulifikia uamuzi kwamba aliuawa kinyume cha sheria. John Ward alifariki mwaka 2023 bila mtu yeyote kutiwa hatiani. Nafasi iliyo baada ya kitenzi kuuawa imebaki wazi.

Nafasi wazi huvuta uvumi. Grace Musila, katika kitabu chake cha mwaka 2015 kuhusu kisa hiki, ameonyesha kwamba uvumi uliozagaa Kenya haukuwa porojo tupu. Ulikuwa njia ya wananchi kuisoma dola isiyosema ukweli. Mtafiti anakubaliana na hoja hiyo na kuiongezea tahadhari moja. Uvumi unaweza kuonyesha kwamba jamii haiiamini hati, lakini hauwezi kuchukua nafasi ya hati. Watu walioachiwa huru na mahakama hawapaswi kuhukumiwa tena na mwanahistoria. Kazi yake ni kueleza jinsi ushahidi ulivyoharibiwa mapema kiasi kwamba hata mahakama iliyotaka kweli isingeipata kwa urahisi.

6. Pasipo mdai mwenye sauti: Kware, 2024

Kisa cha Ward kinaweza kumwacha msomaji na dhana kwamba hayo ni mambo ya zamani, au ya wageni. Matukio ya Nairobi ya mwaka 2024 yanaikanusha dhana hiyo. Mwezi Julai mwaka huo, miili na viungo vya miili, mingi ikiwa ya wanawake, ilipatikana ikiwa imefungwa katika magunia na mifuko ya plastiki ndani ya machimbo ya mawe yaliyoachwa na kugeuzwa jalala huko Kware, mtaa wa Mukuru kwa Njenga. Kituo cha polisi kilikuwa karibu sana na mahali hapo. Wakazi wenyewe walishiriki kuiopoa miili hiyo kutoka katika maji machafu. Mtuhumiwa alikamatwa, na polisi wakatangaza kwamba amekiri kuua wanawake 42; wakili wake akadai kwamba mteja wake aliteswa. Mwezi Agosti mtuhumiwa alitoroka mahabusu.

Ulinganisho huu una mipaka, kwa kuwa kisa cha Kware hakijapitia mahakamani kama kile cha Mara, na mtuhumiwa hana hatia mpaka athibitishwe vinginevyo. Lakini tofauti moja iko wazi. Katika Mara, mwanamke mmoja alitafutwa kwa ndege kutoka angani na mabaki yake yakapatikana siku hiyohiyo gari lilipoonekana. Katika Kware, wanawake wengi walilala jirani na kituo cha polisi pasipo kutafutwa. Familia zao hazikukosa uchungu wala mapenzi. Zilichokosa ni nguvu ya kuyafanya madai yao yaandikwe, na yakishaandikwa, yasomwe.

7. Hitimisho

Insha hii imeonyesha kwamba tofauti kati ya aliyepotea na aliyeuawa haiamuliwi na kifo chenyewe. Huamuliwa na mwili kupatikana, neno kuandikwa kwa uaminifu, na mdai kuwapo. Singida ilionyesha jinsi mnyama anavyoweza kumficha muuaji. Mara ilionyesha jinsi kalamu inavyoweza kufanya kazi ileile. Kware imeonyesha kwamba panapokosekana mdai mwenye nguvu, hata mnyama na kalamu havihitajiki, kwa kuwa kimya kinatosha.

Kwa mtafiti wa historia ya jamii zetu, hitimisho hili linaleta wajibu wa kimbinu. Anapokutana katika jalada la wilaya, iwe Nairobi au Sumbawanga, na maneno "ametoroka", "ameliwa na mnyama" au "haijulikani aliko", asiyachukue kuwa taarifa iliyokamilika. Aulize nani aliyaandika, aliuona nini kabla ya kuandika, na nani angepata hasara kama neno lingine lingetumika. Wazee wetu wa Ufipa huuliza jambo linalofanana na hilo kila wanapopelekewa habari ya kifo kisichoeleweka: nani aliyemwona mara ya mwisho? Swali hilo halidai kujua uchawi wala sheria. Linadai tu kwamba mtenda arudishwe kwenye sentensi.