Fimbo Nyeupe ya Utambulisho na Watu Wenye Uoni Hafifu

Tangu zama za kale wasioona wametembea kwa kupapasa njia kwa fimbo, na kwa kazi hiyo fimbo ya rangi yoyote ilitosha. Weupe wa fimbo uliingia katika historia pamoja na magari, mwanzoni mwa karne ya 20, wakati mtembea kwa miguu asiyeona alipohitaji kutambuliwa na dereva kabla gari halijamfikia. Chimbuko hilo linawahusu hasa watu wenye uoni hafifu, yaani wale ambao uwezo wao wa kuona umepungua kiasi cha kutorekebishwa kikamilifu kwa miwani wala matibabu, ingawa nuru ya macho haijawatoka yote.

Mwaka 1921, James Biggs, mpiga picha wa mji wa Bristol nchini Uingereza aliyepofuka kwa ajali, aliipaka fimbo yake rangi nyeupe ili madereva waliopita karibu na nyumbani kwake wamwone. Wazo hilo lilipata nguvu ya umma takribani miaka kumi baadaye. Desemba 1930, mji wa Peoria katika jimbo la Illinois, Marekani, kwa kuhimizwa na klabu ya Lions ya mji huo, ulipitisha sheria ndogo iliyowapa wasioona wenye fimbo nyeupe haki ya kupishwa na magari. Huko Paris, Guilly d'Herbemont aliendesha kampeni iliyofikia kilele chake tarehe 7 Februari 1931, fimbo nyeupe za kwanza zilipokabidhiwa hadharani mbele ya mawaziri wa Ufaransa, na baada ya hapo nyingine zikagawiwa wasioona wengi, wakiwamo askari waliopofuka katika Vita vya Kwanza vya Dunia.

Vita vya Pili vya Dunia viliigeuza alama hiyo kuwa pia chombo cha kutembelea. Mwaka 1944, katika hospitali ya jeshi ya Valley Forge, Pennsylvania, Richard Hoover alianza kuwafundisha askari waliopofuka kutumia fimbo ndefu na nyepesi, inayopelekwa kushoto na kulia kwa mpigo wa hatua, ncha yake ikigusa upande ambao mguu unaofuata utakanyaga. Mbinu hiyo ndiyo msingi wa taaluma ya mwelekeo na utembeaji, inayomwezesha asiyeona kujua alipo na kufika aendako kwa usalama. Hata hivyo, kadiri fimbo ndefu ilivyoenea, ndivyo watu wengi walivyozidi kuamini kwamba kila mwenye fimbo nyeupe haoni kabisa.

Imani hiyo imewaumiza isivyo haki wenye uoni hafifu. Mtu aliyepoteza uoni wa katikati huweza kupita mlangoni bila kujigonga, lakini akashindwa kumtambua jirani anayemsalimia au kusoma maandishi ya basi. Aliyeathiriwa na presha ya macho, ambayo hula uoni wa pembeni, huweza kusoma gazeti na bado asiione pikipiki inayotokea ubavuni. Wote wawili hudhaniwa kuwa na kiburi au kujisingizia, na ni kwa ajili yao fimbo ya utambulisho, inayorudia kazi ile ya mwanzo ya kuonwa, ina thamani ya pekee.

Fimbo hiyo kwa kawaida huundwa kwa vipande vya bomba jembamba la alumini vilivyounganishwa kwa kamba ya mpira inayopita ndani yake, hivi kwamba vikiachiwa hujipanga na kukaza, na vikivutwa hukunjwa na kuingia mkobani. Hushikwa kimshazari mbele ya mwili bila kugusa ardhi, na wembamba wake hauwezi kubeba uzito wa mtu wala kuhimili kugongwa chini kila hatua. Kwa hiyo anayejikwaa kwenye ngazi na mitaro anahitaji fimbo ndefu, na mwenye miguu dhaifu anahitaji mkongojo imara. Rangi nayo ina maana: nchini Uingereza mistari myekundu juu ya weupe humtambulisha mtu asiyeona wala kusikia, na nchini Argentina fimbo ya kijani, iliyoasisiwa na Perla Mayo mwaka 1996, ilitambuliwa kisheria mwaka 2002 kuwa alama ya wenye uoni hafifu.

Tarehe 15 Oktoba, iliyotangazwa Marekani mwaka 1964 kuwa siku ya usalama wa fimbo nyeupe, huadhimishwa pia Tanzania na Kenya kama Siku ya Fimbo Nyeupe. Kwa kuwa tangu Peoria na Paris fimbo hii imepata nguvu yake kwa sheria na kwa kuuelimisha umma, maadhimisho hayo yanapaswa kuwafundisha madereva, makondakta na wapita njia kwamba anayeishika huenda anaona kiasi, na kwamba kuikunja mahali panapomulikwa vizuri na kuikunjua anapofika barabarani ni matumizi yake halali, yasiyompunguzia mtu huyo haki ya kupishwa na kusaidiwa.